Unafundisha Mtandaoni? Hivi Ndivyo Utalipwa kwa Wakati na Kujua Faida Yako

Mwalimu aliyeajiriwa hufundisha, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Mwalimu anayejitegemea mtandaoni ana kazi tatu: kufundisha, kukusanya malipo na kuweka hesabu. Ya kwanza aliisomea chuoni. Hizo mbili nyingine, wengi huzijifunza wakiwa tayari wamepoteza pesa.

Makala hii tumewaandikia walimu hao, pamoja na wazazi wanaowalipa. Mifano yetu inatoka Kamere, kituo cha biashara kando ya barabara ya Moi South Lake, Naivasha. Tumechagua Kamere kwa sababu maswali yote ya kazi hii yanakutana pale. Wazazi wengi wanafanya kazi katika mashamba ya maua na wanalipwa mwisho wa mwezi. Wakazi wametoka kaunti nyingi, hivyo anayelipia mtoto huenda akawa mjomba aliye Kisumu au shangazi aliye Kakamega. Na simu ndiyo benki ya kila siku.

Tulikotoka

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza shule zote zifungwe kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba mwaka huo. Wengine wakangoja hadi Januari 2021. Walimu wa TSC waliendelea kulipwa. Wa shule za binafsi, pamoja na walioajiriwa na bodi za shule, wengi walikaa miezi bila mshahara. Majuma hayo hayo, soko la maua Ulaya lilianguka na wafanyakazi wengi wa mashamba ya Naivasha wakarudishwa nyumbani. Kwa hiyo mwalimu asiye na mshahara alikuwa anamtegemea mzazi asiye na mshahara.

Jambo moja lilisaidia. Katikati ya Machi 2020, baada ya mazungumzo na Benki Kuu ya Kenya, kutumiana pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kulifanywa bure, na hali hiyo ikadumu hadi mwisho wa Desemba. Mzazi aliyekuwa na mia moja tu angeweza kulipia somo moja bila kukatwa ada ya kutuma.

Shule zilifunguliwa, lakini kazi hii haikuisha. Walimu waliohitimu ni wengi kuliko nafasi za TSC. Wazazi nao wanahitaji msaada: KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mzazi aliyesoma 8-4-4 hupata shida kumsaidia mtoto kwa mtaala ambao yeye hakuusoma.

Hesabu kwanza, bei baadaye

Walimu wengi hutaja bei kwa kuangalia jirani anatoza ngapi. Hiyo ni nusu ya hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwalimu wa hisabati wa Gredi ya 9 aliye Kamere.

Ana wanafunzi 12, amewagawa vikundi viwili vya watu sita. Kila kikundi kinapata masomo mawili kwa wiki, saa moja kila somo. Kila mtoto analipa shilingi 150 kwa somo.

- Mapato kwa wiki nne: 12 × masomo 8 × 150 = shilingi 14,400
- Bando: 1,500
- Stima na kuchaji: 300
- Karatasi, kalamu na kutoa kopi: 500
- Kinachobaki: shilingi 12,100

Ametumia saa 16 kufundisha na, tuseme, saa 8 kutayarisha na kusahihisha. Hizo ni saa 24. Kila saa imemletea kama shilingi 504. Si mbaya.

Sasa ongeza kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Wazazi watatu wamesema, "Mwalimu, nivumilie kidogo," na mwezi umeisha. Hapo zimepotea shilingi 3,600. Matumizi hayakupungua hata senti, kwa hiyo kinachobaki ni 8,500, kama shilingi 354 kwa saa. Robo ya wazazi hawakulipa, lakini faida imeshuka kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana tunasema kukusanya malipo ni sehemu ya kazi. Usione haya kuuliza.

Kumbuka pia likizo. Mwezi wa Desemba watoto wengi huenda ushago, na mapato hupungua. Weka kando kitu kidogo kila mwezi wa shule ili Desemba isikukute mikono mitupu.

Namba ya kawaida, till au Paybill?

Wengi huanza kwa kupokea kwenye namba yao ya simu. Ni rahisi, lakini shida huja mapema. Pesa ya somo inaingia pale pale pa pesa ya unga, na kufikia jioni hujui ni ipi ilikuwa ya biashara. Isitoshe, namba yako ya kibinafsi sasa iko mikononi mwa kila mtu.

Till hutenganisha biashara na nyumba. Lakini ina upungufu mmoja kwa mwalimu: mlipaji hana mahali pa kuandika jina la mtoto. Ujumbe unaonyesha jina la aliyelipa tu. Mjomba wa Kisumu akituma 1,200, utajuaje ni ya nani kati ya watoto 12?

Paybill ina sehemu ya namba ya akaunti. Mwambie mzazi aandike pale jina la mtoto au namba uliyompa, kwa mfano G9-04. Hapo yeyote akilipa, kutoka popote, unajua ni ya nani. Ukiwa na wanafunzi watano, till na daftari zinatosha. Ukifika ishirini, fikiria Paybill.

Ukitumia till, muombe anayelipa akutumie ujumbe mfupi papo hapo: "Nimelipia Gredi 9, namba 04." Uandike kwenye daftari kabla hujalala.

Patana mapema, kwa maandishi

Ugomvi mwingi wa malipo huanza kwa sababu hakuna aliyesema kitu mwanzoni. Kabla ya somo la kwanza, mtumie mzazi ujumbe kama huu:

*"Habari ya jioni mzazi. Masomo ni Jumanne na Alhamisi saa moja jioni. Ada ni 150 kwa somo, yaani 1,200 kwa wiki nne. Unaweza kulipa yote kabla ya tarehe 5, au 300 kila Jumatatu. Mtandao ukikatika upande wangu, somo litarudiwa bila malipo. Mtoto akikosa bila taarifa, somo limehesabiwa. Asante sana."*

Angalia hiyo tarehe 5. Mzazi anayelipwa mwisho wa mwezi ana pesa siku hizo. Ukimdai tarehe 20, unamtafutia deni na wewe unajitafutia lawama. Kwa mzazi wa vibarua, 300 kila Jumatatu ni rahisi kuliko 1,200 kwa mpigo. Na wakati wa shughuli nyingi mashambani kabla ya Valentine, wazazi wengi hufika nyumbani wamechelewa. Kama simu ya masomo ni ya mama, panga somo saa ambazo mama yuko nyumbani.

Kufundisha Kiswahili kwa wageni

Wapo walimu wanaofundisha Kiswahili kwa watu wa ng'ambo kupitia tovuti kama Preply na italki. Kabla ya kuvutiwa na bei ya dola, soma masharti ya makato. Preply huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio, kisha huanza na asilimia 33 ya kila somo na kushuka hadi asilimia 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka. italki hukata asilimia 15. Ukitoza dola 10 na kukatwa asilimia 33, unabaki na dola 6.70. Bado kuna gharama ya kutoa pesa na kiwango cha kubadilisha fedha.

Tangu 2018, Wakenya wanaweza kuhamisha pesa kutoka PayPal hadi M-PESA. Jina la akaunti yako na jina la usajili wa laini yawe yale yale kama ya kitambulisho. Tofauti ndogo inaweza kukwamisha pesa.

Angalia saa pia. Mwanafunzi wa London anayetaka somo saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi, kwako ni saa mbili usiku. Wa New York anayetaka saa moja jioni, kwako ni saa nane usiku. Jiulize kama asubuhi utaweza kufundisha wengine.

Mitego ya matapeli

1. *Ujumbe bandia.* Picha ya skrini si malipo. Angalia salio lako au taarifa ya akaunti kabla ya kusema asante.
2. *"Nimetuma kimakosa, nirudishie."* Usitume wewe mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Wewe utathibitisha ukiulizwa.
3. *Ada ya kupewa kazi.* Anayekuahidi wanafunzi wa ng'ambo ukilipa 500 ya usajili anataka hiyo 500 tu.
4. *Akaunti ya kununua.* Ukifundisha kwa akaunti yenye jina la mtu mwingine, malipo yanaingia kwa jina lake. Siku akibadilisha nywila, huna pa kulalamika.
5. *PIN.* Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN. Hakuna.

Sheria ina neno

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kuwekwa kwenye tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini au kifungo. Kama umeajiriwa shuleni, ongea na mwalimu mkuu kwanza, na usiwatoze wanafunzi wa darasa lako mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, kwa hiyo usiweke picha za darasa mtandaoni kutafuta wateja bila kuuliza. Mapato haya pia ni mapato: yajumuishe kwenye ritani yako ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni.

Wazazi, nanyi mna haki. Muulize mwalimu namba yake ya usajili wa TSC, na uhifadhi kila ujumbe wa malipo.

Anza wiki hii

Chukua daftari. Andika jina la kila mwanafunzi, alichopaswa kulipa mwezi huu na alicholipa. Kisha omba taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu na ulinganishe. Ukipata tofauti, sasa unajua ni nani wa kumpigia simu, na ni kiasi gani cha kumwambia.