Paa Imara Huanzia Chini ya Bati

Siku hizi watu wengi vijijini wanaezeka nyumba zao kwa bati. Hilo ni jambo jema. Bati haliozi kama nyasi. Halishiki moto kama makuti. Tena maji ya mvua yanayotoka kwenye bati yanaweza kukingwa.

Lakini bati ni ghali. Mkulima huuza pamba, korosho au mahindi. Huweka fedha kidogo kidogo, pengine kwa misimu kadhaa. Siku anaponunua bati, fedha zimekwisha. Ndipo anapomwambia fundi: "Punguza mbao. Muhimu ni bati."

Maneno hayo yamewapotezea watu wengi mapaa yao. Bati huzuia mvua, lakini haliwezi kujishikilia lenyewe. Linashikwa na mbao zilizo chini yake. Mbao zikiwa chache au dhaifu, bati jipya litaruka kama bati kuukuu.

Paa ni kama mnyororo

Tuangalie paa linavyoshikana, kutoka juu kwenda chini.

Bati hupigiliwa misumari kwenye papi. Papi ni zile mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi. Kenchi ni mbao zilizoungwa kwa umbo la pembe tatu. Kenchi hukaa juu ya mwamba. Mwamba ni mbao au mti mrefu unaolala juu ya ukuta. Mwisho kabisa ni ukuta wenyewe.

Bati, papi, kenchi, mwamba, ukuta. Hizo ni pete 5 za mnyororo mmoja. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika. Ndiyo maana baada ya upepo mkali huonekana bati shambani likiwa bado limeshikana na papi zake. Misumari ya bati haikung'oka. Kilichong'oka ni papi kutoka kwenye kenchi.

Upepo hulivuta paa juu

Watu wengi hudhani kuwa upepo husukuma paa tu. Sivyo. Upepo pia hulivuta juu.

Jaribu sasa hivi. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi. Shika ncha yake moja karibu na midomo yako. Ncha nyingine itaning'inia. Sasa puliza kwa nguvu juu ya karatasi. Umeona? Karatasi inainuka. Upepo unaopita juu ya paa hufanya hivyo hivyo.

Pia upepo huingia ndani kupitia mlango, madirisha na nafasi zilizo chini ya bati. Ukiingia, hulisukuma paa kutoka chini. Basi paa linavutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja. Tena upepo ukiongeza mwendo mara 2, nguvu zake huongezeka mara 4.

Nchi yetu imeona hatari hiyo. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 35 walifariki na mamia ya nyumba yaliharibika. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Ni kweli kwamba hakuna fundi anayeweza kuzuia kila tufani. Lakini mapaa mengi hayaondolewi na kimbunga. Huondolewa na upepo wa kawaida unaotangulia mvua za kwanza. Upepo huo tunaweza kujikinga nao.

Usibane fedha kwenye papi

Kwa bati jembamba, kama la geji 30, papi zikae karibu karibu. Nafasi kati ya papi na papi iwe sentimeta 90 hivi. Kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30.

Tupige hesabu. Una nyumba ya paa la pande 2. Kila upande una bati la mita 3. Ukiweka papi kila baada ya sentimeta 90, utahitaji mistari 4 kila upande. Fundi akitaka kubana mbao ataweka mistari 3, na nafasi itakuwa sentimeta 135. Je, umeokoa nini? Mistari 2 tu ya mbao kwa nyumba nzima. Kwa ajili ya mistari hiyo 2, umehatarisha bati zote, pamoja na chakula na vitanda vilivyo chini yake.

Papi zikiachana sana, bati hupinda fundi anapolikanyaga. Hucheza upepo unapovuma. Likicheza kila siku, tundu la msumari hupanuka. Kwanza paa litavuja. Kisha bati litang'oka.

Funga kila kiungo

Msumari uliopigwa wima hung'oka kwa njia ile ile ulioingia. Kwa hiyo usitegemee msumari peke yake. Tumia waya pia.

1. Funga papi kwenye kenchi kwa waya, hasa papi za ukingoni na za juu kabisa.

2. Funga kila kenchi kwenye mwamba.

3. Funga mwamba kwenye ukuta. Wakati wa kujenga, laza waya mnene ndani ya ukuta, mistari 4 hivi ya matofali kabla ya kufika juu. Acha ncha zake nje. Mwamba ukishawekwa, uzungushie ncha hizo na kuzikaza. Hapo upepo ukitaka kuinua paa, itabidi uinue na matofali. Kama nyumba ni ya miti na udongo, funga mwamba kwenye nguzo zilizochimbiwa vizuri.

4. Piga misumari ya bati kwenye migongo ya bati, si kwenye mabonde. Maji hupita mabondeni. Ukitoboa bonde, umekaribisha maji ndani. Ongeza misumari kwenye kingo za paa, kwa sababu upepo huanza kung'oa hapo.

5. Anza kuezeka upande ule upepo unakoelekea, kisha endelea kuufuata unakotoka. Kwa njia hiyo upepo hautapata mdomo wa bati wa kufunua.

6. Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiwe kipande kimoja na paa la nyumba. Upepo ukichukua baraza, nyumba itabaki.

Adui mwingine ni mchwa

Upepo hauchagui mbao. Lakini mchwa huwahi kabla yake. Mbao laini, kama za misindano, huliwa upesi zisipotiwa dawa. Nunua mbao kavu zilizotiwa dawa. Kama fedha hazitoshi, subiri. Ni afadhali kuezeka msimu ujao kuliko kuezeka mara mbili.

Nyumba yako imeshaezekwa? Bado hujachelewa. Kabla ya mvua kuanza, ingia ndani utazame juu. Je, kuna njia za udongo za mchwa ukutani? Zibomoe na ukague mbao. Je, unga wa mbao unaanguka chini? Mbao hiyo imebunguliwa. Ichome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, ibadilishe. Je, kenchi zimefungwa kwenye ukuta? Kama hazikufungwa, toboa tundu kwenye ukuta chini ya mwamba, mistari kama 4 ya matofali. Pitisha waya, uzungushe juu ya mwamba, ukaze. Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili. Gharama yake ni waya tu.

Ndugu msomaji, jirani atakaposifu bati zako zinavyong'aa, mkaribishe ndani. Mwonyeshe papi, kenchi na waya. Huko ndiko nguvu ya paa iliko.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, upepo mkali hutoka upande gani?

2. Ni nyumba zipi zilizoezuliwa na upepo? Ni kiungo gani kilichokatika?

3. Je, nyumba ya shule na zahanati zimefungwa kwa waya? Nani atazikagua kabla ya mvua?