Stroberi Katika Shamba Dogo

Mwenye robo eka huko Limuru au Kinangop, penye hewa ya baridi, aweza kupata faida kwa stroberi. Lakini tunda hili halimngoji mtu. Viazi vyaweza kukaa ghalani. Stroberi iliyochumwa leo, isipowekwa penye baridi, baada ya siku mbili imekwisha kulainika na kuoza. Kwa hiyo mnunuzi na atafutwe kwanza, ndipo miche ipandwe. Wengi hufanya kinyume.

Miche hutokana na vitawi virefu vitambaavyo juu ya udongo na kutia mizizi. Ipandwe futi moja moja, na kitovu cha mche kisifukiwe. Pasiwe mahali palipolimwa viazi au nyanya karibuni, maana ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni. Nyasi kavu zitandazwe, matunda yasiguse matope.

Kuchuma ndiyo kazi hasa, na hapo mikono ya wenye nyumba huwashinda vibarua wenye haraka. Stroberi haiivi baada ya kuchumwa kama ndizi. Ichumwe nyekundu kabisa, asubuhi umande ukiisha kukauka, pamoja na kikonyo chake, ikawekwe katika chombo kifupi. Ndoo iliyojaa huponda matunda ya chini.