Betri Ndiyo Roho ya Mashine

Siku hizi baadhi ya watu wanaokata majani kwa malipo, shuleni na kwenye zahanati, wanatumia mashine za betri. Mashine hizi hazinywi petroli wala hazitoi moshi. Lakini betri yake ya lithiamu ina bei kubwa. Ikifa mapema, faida yote imekwisha. Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kazi tuokote mawe, vijiti na waya. Tuvae miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika miguu. Watoto wakae mbali.

2. Tunoe kisu cha mashine. Kisu butu huichosha mota, na chaji huisha upesi. Majani marefu tuyakate mara mbili: kwanza juu, halafu chini. Yenye umande tuyaache yakauke.

3. Tukitaka kunoa au kusafisha, kwanza tutoe betri. Ikibaki ndani, kisu kinaweza kuzunguka ghafla na kukata vidole. Tusafishe kwa kitambaa, tusiimwagie maji.

4. Baada ya kazi betri huwa ya moto. Tuiache ipoe kivulini, ndipo tuichaji. Tutumie chaja yake yenyewe. Chaja ya kuazima huenda isilingane nayo.

5. Kiangazi, kazi zikipungua, tuiweke betri pakavu ikiwa na chaji nusu.

Je, betri imevimba au imepasuka? Tusiitumie, tusiifungue, wala tusiitupe motoni. Inaweza kulipuka. Tumpelekee muuzaji.

Betri ikidumu, na kipato chetu kitadumu.