MBWA ALIYETUNZWA NI USALAMA WA JIRANI



Tunajua wapo watakaoshangaa kuona jarida letu, lililozoea habari za visima, shule na vikundi vya akina mama, likizungumzia mbwa. Wengine watauliza: je, fedha za wafadhili na muda wa kamati za parokia vitumike kumchezesha mbwa wakati wapo watoto wanaohitaji madaftari? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba hapa Pemba mbwa aliyezoea kushikwa ndiye anayechanjika, na mbwa aliyechanjwa ndiye anayemwepusha mtoto wa jirani na kifo cha kichaa cha mbwa.

Pemba imejifunza nini

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo kazi yote ni kuzuia. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la eLife lilichapisha utafiti ulioongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, uliofuatilia ugonjwa huu kisiwani Pemba kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Watafiti walifuatilia waliong'atwa na wanyama waliowang'ata, na pia walichunguza vinasaba vya virusi ili kujua ugonjwa ulipitaje kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine.

Walichokuta kinatuhusu sote. Mwaka 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani. Mbwa walipochanjwa kila mwaka kisiwa kizima, minyororo yote mitano ilikatika, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ukawa umetoweka. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kisiwani, mara mbili, ukawakuta mbwa hawana kinga. Ilibidi kuchanja upya kisiwa kizima, ndipo ukaisha Oktoba 2018.

Kwa wafadhili wetu, utafiti huo unatoa pia hesabu. Kumpa chanjo mtu aliyekwisha kung'atwa kuligharimu, kwa makadirio, dola 256 kwa kila kifo kinachozuiwa. Kuunganisha chanjo hiyo na kuchanja mbwa kila mwaka kunafikia dola 1,657. Mtu anaweza kudhani njia ya kwanza inatosha kwa kuwa ni rahisi. Lakini chanjo ya binadamu haimzuii mbwa mgonjwa kumng'ata mwingine kesho. Ni chanjo ya mbwa tu inayokata mnyororo. Watafiti wanakadiria kuwa Pemba ikibaki bila ugonjwa huu, zaidi ya familia 30 kila mwaka zinaepushwa na adha ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Tatizo ni mbwa asiyeshikika

Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Kwenye karatasi ni rahisi. Siku ya chanjo, mwenye mbwa anatakiwa kumleta kwa kamba hadi kituoni na kumshika wakati wa sindano. Mbwa ambaye hajawahi kuvaa kamba, au ambaye maisha yake yote amefungwa mtini na kuguswa kwa fimbo tu, atakimbilia shambani au atamng'ata mwenyewe. Huyo atabaki bila chanjo, na wakibaki wengi kama yeye, ugonjwa ukiingia tena kwa chombo kutoka bara utakuta njia iko wazi.

Kwa hiyo kumshughulisha mbwa kila siku ni maandalizi ya siku ya chanjo.

Mbwa anahitaji nini

Mwili wa mbwa umeumbwa kutembea, kunusa na kutafuta chakula. Akifungwa mahali pamoja mchana kutwa, nguvu hizo hutafuta pa kutokea: hubweka bila sababu, huchimba, huguguna milango, huzunguka mlemle, na mwisho hurukia kila apitaye. Wengi humwita mkali, kumbe amechoshwa na upweke.

Wakulima wetu wanaomchukua mbwa shambani kufukuza tumbili wasile mihogo wamekwisha kumpa mbwa wao sehemu kubwa ya anachohitaji: mwendo, kazi na mtu wa kuandamana naye. Shida iko zaidi kwa mbwa wa ulinzi wa nyumbani. Huyo tunapendekeza afanyiwe yafuatayo, na hakuna lililo la gharama.

1. *Matembezi.* Mtembeze kwa kamba asubuhi kabla jua halijawa kali, au jioni. Mchana ardhi huunguza nyayo. Mwache asimame na kunusa, kwani kunusa kunamchosha akili kama kusoma kunavyomchosha mwanafunzi. Kamba ya usumba inafaa, ila shingoni weka mkanda mpana wa kitambaa usiomkata.

2. *Kutafuta chakula.* Badala ya kumwaga chakula chote mahali pamoja, kifiche kidogo kidogo chini ya majani makavu au nyuma ya mawe, umwache akitafute kwa pua. Chakula cha dakika moja kitamchukua robo saa.

3. *Kifuu cha nazi.* Chukua kifuu kizima chenye tundu, kisichopasuka. Kijaze ugali au wali uliochanganywa na dagaa waliooshwa chumvi. Atakisukuma na kukilamba hadi kiishe. Akianza kukivunja, mwondolee, kwani vipande vyake hukata. Usimpe mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka na kuchoma utumbo, wala chakula chenye vitunguu, ambavyo ni sumu kwake.

4. *Mafunzo mafupi.* Dakika tano kwa siku zinatosha. Mfundishe kuja akiitwa, kukaa, na kusubiri. Akifanya vizuri mpe kipande cha chakula na neno jema. Usimpige. Mbwa anayepigwa hujifunza kuuogopa mkono, na mkono ndio utakaomshika siku ya sindano.

5. *Kuguswa.* Kila siku mpapase masikio, mdomo, miguu na ngozi ya mgongoni, huku ukitafuta kupe na vidonda. Hili ndilo zoezi kubwa kuliko yote.

6. *Kupumzika.* Mpe kivuli, maji safi na mahali ambapo watoto hawamsumbui akiwa amelala au anakula.

Heshima kwa majirani

Tunaishi kati ya ndugu Waislamu, ambao ndio wengi mno hapa kisiwani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa hapa, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa awe na vyombo vyake, asipelekwe kisimani, na asiachwe azurure njia ya msikitini, hasa nyakati za sala. Hii haina maana kwamba majirani hawana huruma naye. Wao wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyesamehewa kwa kuteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu. Nasi katika Kitabu cha Tobiti tunasoma habari za mbwa aliyefuatana na Tobia na malaika safarini. Huruma kwa mnyama ni jambo tunaloweza kulifanya pamoja.

Mbwa akibadilika

Anayemshughulikia mbwa wake kila siku huwa wa kwanza kugundua mabadiliko. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, au mkali akawa mpole kupita kiasi, akitoa mate mengi, taya likilegea, au akishindwa kumeza, usimguse wala kucheza naye. Waondoe watoto, kisha umwarifu sheha na afisa mifugo mara moja.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, oshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Asingojee kuona mbwa atakuwaje.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia: orodhesheni nyumba zenye mbwa katika eneo lenu, wakiwemo watoto wa mbwa, ambao mara nyingi husahaulika. Muulizeni sheha tarehe ya chanjo, na mwezi mmoja kabla yake wahimizeni wenye mbwa waanze mazoezi ya kamba na kuguswa. Vijana wanaweza kuwasaidia wazee wasio na nguvu ya kumwongoza mbwa.

Kwa wafadhili wetu: kampeni ya mwaka mmoja inapendeza katika picha, lakini kinga ya kisiwa inatokana na kurudi kila mwaka. Mbwa huishi muda mfupi na huzaa wengi, hivyo baada ya miaka miwili mitatu bila chanjo, wengi wa mbwa walioko hawana kinga. Tukichangia, tuchangie kwa kudumu. Mwaka 2014 Pemba ilikuwa imeushinda ugonjwa huu, na miaka miwili baadaye ukarudi kwa sababu mkono ulilegea. Usilegee tena.