Kipimo cha Mshauri si Hukumu

Ndugu msomaji, mtu anapofika kwa mshauri nasaha akiwa amelemewa na mambo ya dunia, aghalabu hupewa karatasi yenye maswali akaombwa ayajibu. Wapo wanaoiogopa karatasi hiyo kama mtihani wa shule. Wapo pia wanaodhani kwamba jumla ya alama zake ndiyo kauli ya mwisho juu ya akili zao. Fikira zote mbili yafaa zisahihishwe.

Chukua mfano wa PHQ-9, kipimo kilichochapishwa Marekani mwaka 2001 na ambacho sasa hutumika katika nchi nyingi, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Kina maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita: furaha yake, usingizi, uchovu, hamu ya chakula na mengineyo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyombanduka mtu. Neno la kushika hapo ni "huenda".

Mfikirie mfanyakazi wa zamu ya usiku mwenye mtoto mchanga nyumbani. Hapati usingizi, amechoka, hamu ya chakula imemtoka, na kazini hawezi kutuliza fikira. Akipata 3 katika kila moja la maswali hayo manne, tayari ana alama 12. Je, ana sonona? Pengine anayo, pengine anahitaji mapumziko, au kupimwa damu hospitalini. Karatasi haiwezi kuamua. Mazungumzo ya makini ndiyo yatakayoonyesha.

Mwingine aweza kupata sifuri kote isipokuwa katika swali la mwisho, linalouliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Jumla yake ni 1 tu. Hata hivyo, mshauri anayeijua kazi yake hatamwacha aende zake kabla ya kumwuliza kwa upole na kuhakikisha usalama wake.

Lugha nayo ina uzito wake. Nchini Zimbabwe, katika miaka ya 1990, watafiti walitunga kipimo cha maswali 14 kwa Kishona, wakitumia maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia. Mojawapo ni "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Maswali hayo yametumiwa na Friendship Bench, mpango ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda. Humo akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi karibu na zahanati. Bibi huuliza, hujumlisha majibu, kisha husikiliza. Kipimo hufungua mlango wa mazungumzo.

Kwa hiyo basi, kabla ya kutoa karatasi yoyote, mshauri hana budi kujiuliza: nataka kujua nini? Kipimo hiki kilijaribiwa kwa watu wa namna gani? Je, huyu aliye mbele yangu anaifahamu lugha yake? Asiyejua kusoma asomewe faraghani, mbali na masikio ya jamaa na majirani. Kisha aelezwe matokeo kwa maneno mepesi, na siri yake itunzwe, hata mbele ya mwajiri wake. Pale tu maisha yanapokuwa hatarini ndipo mshauri huweza kulazimika kuwahusisha wengine.

Nawe, ndugu msomaji, una haki ya kuuliza. Karatasi hii ni ya nini? Nani ataiona? Alama zangu zina maana gani? Mshauri mwema hatachukizwa na maswali hayo. Wala usiyapambe majibu yako ili uonekane hodari, maana mficha maradhi kilio humfichua.