Kuongeza presio ya turbo kwa bei ndogo: manometa kwanza, vali baadaye

Hapa Lubumbashi, ukipeleka motokari ya turbo mu garaji na kusema haipande tena mlima vizuri, mara nyingi jibu linakuja mbio: tutaiongezea presio. Fundi anatoa kitu kidogo cha shaba ya manjano, urefu wa kidole, anakipachika katikati ya tiyo moja ya mpira, anabana buloni kidogo, na kazi imekwisha. Motere inavuta vizuri, mwenye motokari anacheka. Kwa wiki chache.

Hatutaki kusema kitu kile ni cha uongo. Kinatumika, tena kinatumika vizuri, na fundi turneri mwenye akili anaweza kukitengeneza kwa asubuhi moja. Lakini tunapashwa kujua kinafanya nini, sababu motere ya motokari ya kazi njo inalipa minerval ya watoto na chakula cha nyumba.

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka mu motere, nayo inasukuma hewa kuingia ndani. Ingeachwa hivyo, presio ingepanda kupita kiasi. Kwa hiyo iko na kilango cha pembeni: kikifunguka, sehemu ya moshi inapita kando bila kuzungusha turbo. Kilango kinasukumwa na chombo cha duara ambacho mafundi wetu, kwa kufuata Kifaransa, wanakiita pafu la turbo. Ndani ya pafu iko resori. Presio inafika pale kwa tiyo ndogo. Ikiishinda resori, kilango kinafunguka. Basi vali ya bei chini, ya aina yoyote ile, iko na kazi moja tu: kudanganya pafu, ili lione presio ndogo kuliko ile iliyoko kweli. Ndiyo maana haiwezi kamwe kuteremsha presio chini ya nguvu ya resori. Mtu akikuuzishia vali ya kupunguza, ujue anakuuzishia maneno.

Kwetu iko sababu ya kweli ya kutaka kuongeza. Kando ya bahari hewa inalemea karibu bar 1.01. Lubumbashi tuko kwenye mita 1,200 hivi, na hewa yetu iko bar 0.88 tu, Goma, kwenye mita 1,500, ni karibu 0.85. Turbo iliyopangwa bar 0.7 inamaanisha 0.7 juu ya hewa ya nje. Mu bandari ya Dar es Salaam motere ile ile ilipata jumla ya bar 1.71, ikifika kwetu inapata 1.58. Kuongeza bar 0.1 kunarudisha karibu yote iliyopotea njiani. Kupita pale ni deni, na turbo njo inalipa, maana kwa hewa nyepesi inalazimika kuzunguka mbio zaidi kwa kutoa presio ile ile.

Lakini mbele ya kununua chochote, tazama dirite kubwa zinazotoka turbo kwenda motere. Ikipasuka moja, hata ufa mdogo wa chini ambao jicho halioni, hewa inatoka, dizeli inatoa moshi mweusi, na nguvu inapotea. Tazama na filtre ya hewa, zaidi mu kiangazi wakati vumbi jekundu linaingia kila mahali. Motokari nyingi zinazoombewa vali zilikuwa na shida ya dirite tu. Ukiweka vali juu ya ugonjwa ule, umeua turbo kwa mkono wako.

Tena si kila motere inafaa. Land Cruiser za 1HZ hazikutoka kiwandani na turbo, basi mambo haya haziyahusu, isipokuwa mtu alizifungia turbo baadaye. Hilux na Prado za 1KD ziko na turbo ya mabawa yanayogeuzwa na kompyuta. Pale kilango cha kudanganya hakiko. Vali hii ni ya turbo za zamani zenye pafu na resori, kama Prado za 1KZ.

Na mwenye dizeli akumbuke: hewa peke yake haileti nguvu nyingi. Nguvu inatoka mu mazuti. Kama pompi haikuongezwa, hewa ya zaidi inapoza moto na kupunguza moshi mweusi, ambayo ni faida, lakini usingoje miujiza mlimani. Kwa esansi ni kinyume, na ni hatari zaidi: presio ikizidi, esansi inajilipukia ndani mbele ya wakati wake, unasikia kama misumari mu kopo, na pistoni inatoboka. Na esansi ya wakadafi wa kando ya njia, hakuna anayejua imechanganywa na nini. Subaru ya turbo inayokunywa esansi ile, sisi tungeiacha jinsi ilivyo.

Sasa vali zenyewe. Ya kwanza ni ya gololi: mwili wa shaba, gololi ya chuma, resori, na buloni ya kubana resori. Inazuia presio yote isifike mu pafu mpaka kiasi ulichopanga, kwa hiyo turbo inaamka mapema. Upande wa pafu itobolewe katundu ka milimita moja, ili presio iliyobaki itoke na kilango kifunge tena. Turneri anayesahau katundu kale ametengeneza kizibo. Ya pili ni ya kuvujisha: kiunganishi cha njia tatu, njia moja ikitoa hewa kidogo nje kupitia jigleri ya pikipiki.

Watu wa mbio wanapenda ya gololi. Sisi, kwa motokari ya kazi, tunachagua jigleri. Vumbi likikwamisha gololi, pafu halipate kitu, kilango hakifunguke, presio inapanda mpaka jwenti ya kulasi inasalimu. Vumbi likiziba jigleri, presio inashuka kurudi ile ya kiwanda, basi. Tena jigleri haina buloni, na shofere akiachwa peke yake na buloni, ataibana.

Bila manometa, yote haya ni kupapasa gizani. Kama feza inatosha kitu kimoja, nunua manometa, uache vali. Itakuonyesha presio ya kweli wakati wa kupanda na mzigo, na pengine utaona dirite njo ilikuwa na shida. Ukishafunga vali, tia kolie kwenye kila ncha ya tiyo, sababu tiyo ikichomoka kwenye pafu, matokeo ni yale yale ya gololi iliyokwama. Yenye buloni, iongeze nusu mzunguko kwa mara moja, ujaribu, utazame sindano. Na ile tiyo ya kiwanda usiitupe: iweke mu motokari. Vali ikikuharibikia kati ya Likasi na Kolwezi, utaitoa, utarudisha tiyo ile, na utafika.