Zaidi ya Nusu ya Nini?

Mkoani Singida, mkulima wa alizeti, vitunguu au korosho akijiunga na chama cha ushirika cha mazao na masoko, AMCOS, anakuwa na kura moja, awe na ekari 2 au 50. Ugomvi huanza kura zikishahesabiwa.

Tuseme AMCOS moja wilayani Iramba ina wanachama 120. Kwenye mkutano mkuu wamefika 80, sandukuni zimekutwa kura 76, na 4 kati yake zimeharibika. Wagombea watatu wa uenyekiti wamepata 38, 22 na 12. Masharti ya chama yanasema mwenyekiti atachaguliwa “kwa wingi wa kura”. Je, mwenye 38 ameshinda?

Wafuasi wake watapiga vigelegele: kura halali ni 72, naye amevuka 36. Wapinzani watajibu kwamba zilizopigwa ni 76, kwa hiyo 38 ni nusu tu, haijazidi. Mwingine atataka wahesabiwe waliohudhuria, na hapo zinahitajika 41. Mkorofi naye hakosekani: wanachama ni 120, bila kura 61 hakuna mwenyekiti! Tena wapo watakaosema wingi ni kuwazidi wenzako tu, basi.

Nchini Kenya mzozo wa aina hii ulifika Mahakama ya Juu. Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Kura zaidi ya laki moja zilikuwa zimekataliwa. Mahakama iliamua kwamba zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya asilimia.

Tanzania yenyewe imebadili kipimo. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, mgombea urais anashinda kwa kupata kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Kabla ya hapo alihitaji zaidi ya nusu. Bunge Maalumu la Katiba, Dodoma, mwaka 2014, lilibanwa na sharti zito zaidi ili kupitisha katiba: theluthi mbili ya wajumbe wote, Bara na Zanzibar kila upande peke yake. Asiyekuwepo naye alikuwa kwenye hesabu, na ndiyo maana wajumbe waliokwenda hija Makka waliruhusiwa kupiga kura hukohuko.

Chama cha kijiji hakihitaji uzito huo. Sentensi inayofaa ni kama hii: “Atakayepata zaidi ya nusu ya kura halali atakuwa mshindi, asipopatikana, wawili wa juu watapigiwa kura tena.” Ile “nusu na moja” iliyozoeleka ni mtego. Kura halali zikiwa 71, nusu ni 35 na nusu. Ukiongeza moja unapata 36 na nusu, na mwenye 36, aliyevuka nusu, anaambiwa hajatosha. Kumwachia mwenyekiti wa kikao aamue kura zikilingana ni hatari, hasa akiwa mgombea, bora zirudiwe. Akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, nayo iandikwe kwenye kifungu chake, isichanganywe na ushindi.

Masharti yakishapitishwa na wanachama hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika ayasajili. Marekebisho nayo hupita huko, kwa hiyo chama kinachogundua kasoro wiki moja kabla ya uchaguzi kimeshachelewa.